Nukta Sita

Jarida letu limeshakufa, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anaingia wapi. Kwa miaka arobaini na mitano kazi yangu ilikuwa kuwinda makosa ya watu wengine, na leo naandika la kwangu bila mtu wa kunishika mkono.

Naitwa Clifford Pelkie. Nilizaliwa Port Agnes, kando ya Ziwa Superior, kaskazini mwa Michigan, ambako theluji huanza kabla hujamaliza kufagia majani na huondoka ukiwa umeshakata tamaa. Kazi iliyonilisha ilikuwa kusoma mita za maji za mji. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikainama, nikasoma, nikaandika namba, nikaenda zangu. Sijawahi kupandishwa cheo, maana juu ya msoma mita yupo mkuu wa wasoma mita, naye alikuwa na afya njema mno.

Jioni na Jumamosi nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa msahihishaji wa jarida la siasa na fasihi lililoitwa Mavi ya Chuma, yaani ule uchafu unaobaki chuma kikishayeyushwa, ambao mjini kwetu umerundikana hadi nyuma ya kanisa. Jina hilo lilichaguliwa baada ya mikutano saba. Kwetu kila jambo lilipitishwa kwa watu wote kukubaliana, na hilo ndilo jina pekee ambalo hakuna aliyelipenda kuliko mwenzake.

Aliyelianzisha mwaka 1969 ni Lorraine Trevarrow, mwalimu wa fasihi wa sekondari, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusimamisha treni. Nusu ya jarida ilikuwa siasa na nusu mashairi. Wapenda siasa waliruka mashairi, washairi waliruka siasa, na mimi peke yangu nilisoma vyote, kwa sababu nilikuwa natafuta koma. Tulikuwa huru, na uhuru huo tuliujadili sana. Hatukuchukua hela ya chama chochote, wala ya kanisa, wala ya chuo. Chuo kimoja kiliwahi kutuandikia kutaka kutufadhili, tukakaa kikao cha siku mbili kukataa, kisha ikaja barua ya pili kueleza kwamba ile ya kwanza ililetwa kwetu kwa bahati mbaya. Tulitoka kila robo mwaka, na robo mwaka yetu ilikuwa na miezi mitano.

Niliingia mwaka 1973, na niliingia kwa sababu ya nukta.

Nusu ya watu wa Port Agnes ni wajukuu wa Wafini waliokuja kuchimba shaba. Katika Kifini kuna a ya kawaida, na kuna a yenye nukta mbili juu yake, nazo ni herufi mbili tofauti kabisa. Taipureta ya Lorraine haikuwa na nukta hizo. Kila toleo lilipotoka, watu walipiga simu kulalamika kwamba majina yao yamekatwa vichwa. Ndipo Lorraine aliponisimamisha barabarani nikiwa na begi langu la mita.

"Wewe si mjukuu wa yule bibi Mfini wa Mtaa wa Tatu?"

"Ndiye mimi."

"Kwa hiyo Kifini unakijua."

Hapo mtu mkweli angesema anajua njoo ule, funga mlango, vua viatu, na neno moja ambalo bibi alimwambia ng'ombe peke yake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kunihitaji kwa jambo lolote lisilo la bomba.

"Cha nyumbani nakijua," nikasema.

Basi nikapewa kalamu ya ncha nyembamba na kiti dirishani, nikawa Mtaalamu wa Nukta. Sikuwa na elimu, lakini nilikuwa na kanuni: penye shaka, weka. Nukta zilionekana za heshima. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amezidishiwa, na mimi nikachukulia kwamba ni kipaji. Baada ya miezi michache nikapewa na koma, halafu tahajia, halafu jarida zima. Kwa ajili ya hadhi hiyo nilinunua kamusi nene ya Kifini, nikaiweka rafu ya juu ambapo wageni wangeiona.

Lazima nieleze habari ya kiti, maana bila kiti hadithi hii haina miguu.

Kurasa zilipotoka kwa mchapaji zilikuja zikiwa marundo, rundo moja kwa kila karatasi. Jumamosi tulizipanga kuzunguka meza ndefu, na watu walizunguka meza wakiokota karatasi moja moja hadi jarida likamilike, kisha likapigwa stepla. Kabla ya kuanza kuzunguka, yeyote aliyekosea katika toleo lililopita alipanda juu ya kiti cha manjano kilichotoka jiko la shule, akasoma masahihisho yake kwa sauti. Yalianza daima hivi: "Mimi, fulani, nilikosea." Akishamaliza alibaki juu mpaka yule aliyekosewa aseme "Shuka." Kama aliyekosewa hakufika, mtu mmoja alisema kwa niaba yake. Lorraine mwenyewe aliwahi kupanda kwa sababu aliandika kwamba diwani mmoja "amelewa hapa hapa Port Agnes" badala ya "amelelewa." Diwani alikuja yeye mwenyewe, akavuta kiti, akanywa vikombe viwili vya kahawa taratibu, ndipo akamshusha.

Mimi sikuwahi kupanda. Miaka ikapita, kila mtu akapanda, washairi wengine wakapanda mpaka wakakizoea, na mimi nikakitumia kile kiti kubadilishia balbu tu. Wakaniita Mtakatifu Cliff. Nilijifanya jina hilo linaniudhi.

Sasa nije kwenye mwaka 1974. Port Agnes kulikuwa na kiwanda kidogo cha glavu, na washonaji wote walikuwa wanawake. Mwezi wa kwanza mwenye kiwanda alizima joto ili kubana matumizi, wanawake wakawa wanashona glavu za sufu huku vidole vyao vinaganda. Wakaweka sindano chini. Mwenye kiwanda akawafukuza waliosimama mbele, na gazeti la kila siku halikuandika hata mstari, kwa sababu alikuwa rafiki wa kila mtu aliyekuwa na matangazo ya kutoa. Lorraine akasema sisi tutachapa majina yao, ukurasa mzima, kila jina na mstari wake, bila maelezo. Ni wazo bora kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, na halikujadiliwa hata dakika tano.

Orodha ililetwa na Tyyne Mäkelä, aliyekuwa msemaji wao, mwanamke mfupi asiyeonekana nyuma ya cherehani lakini aliyesikika hadi bandarini. Lorraine akayapiga taipu. Tukakata kila jina likawa ukanda wake mwembamba, tukaupaka nta ya moto kwa nyuma, tukaubandika kwenye ukurasa. Nta hiyo ilikuwa na faida kwamba unaweza kubandua ukabandika tena. Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nikaanza kuweka nukta nikishuka na orodha. Yote yalikwenda vizuri hadi jina la mwisho, Aune Vaara. Nikalitazama. Hilo Vaara lilikuwa na a tatu, zote tupu, nikalionea huruma. Kwa kanuni yangu lilihitaji nukta sita, kazi kubwa kuliko niliyowahi kupewa katika neno moja, na nilitaka zikae sawasawa. Kwa hiyo nikalibandua, nikalipeleka kwenye ukingo wa dirisha penye mwanga mzuri, nikazuia pumzi, nikaweka sita. Zilikuwa nukta bora kuliko zote za maisha yangu.

"Cliff," Lorraine akaita kutoka chumba cha pili, "njoo uone hii koma kabla sijaiua."

Nikaegemea dirisha, nikainuka, nikaenda kuona koma. Niliporudi ukingo wa dirisha ulikuwa mtupu, nami nikaamini nimeshalirudisha jina mahali pake, kwa sababu mtu kama mimi lazima alikuwa amelirudisha. Alasiri hiyo kurasa zikaenda kwa mchapaji.

Wiki nzima nilitembea mjini nikisoma mita. Jumamosi iliyofuata, tulipokwisha kulipanga na kuligawa jarida, nilivua sweta ili niingie sauna, kile chumba cha mvuke cha Wafini, nikaona kitu cheupe kwenye kiwiko. Jina la Aune lilikuwa limenipanda siku saba. Lilikuwa limepita karibu nyumba mia mbili, likaingia kwenye jengo la posta mara mbili, likakaa kanisani, na hakuna mtu mmoja aliyenisomea kiwiko changu.

Jarida lilikuwa tayari mikononi mwa watu, na majina yalikuwa kumi na moja.

Nilikaa kwenye benchi la sauna na moto haukunifikia. Nikajiambia nitapanda kiti kwenye toleo lijalo. Ukanda ule nikauficha ndani ya kamusi yangu ya Kifini, na ili nisisahau ulipo nikauweka kwenye herufi V. Msomaji aikumbuke kamusi hiyo, maana mimi niliisahau.

Toleo lililofuata lilichukua miezi sita. Kufikia hapo ule ukurasa ulikuwa umekwenda mbali kuliko sisi wenyewe. Watu walikuwa wameubandika madukani na kwenye milango ya friji. Walikuwa wanawaita wale wanawake "Kumi na Mmoja," na mtu alikuwa ameshawatungia wimbo wenye beti kumi na moja. Tyyne akapanda ngazi zetu siku moja, mimi nikiwa palepale na kikombe changu cha kahawa.

"Lorraine, nataka kuuliza jambo moja tu. Jina la Aune limekwenda wapi? Mimi nilileta kumi na mawili."

Lorraine akafikiri. "Inawezekana lilidondoka?"

Kisha akanitazama, akatabasamu, akajijibu. "Hapana. Prufu alisoma Cliff. Cliff hakosei."

Tyyne akatikisa kichwa polepole. "Basi ameomba litolewe. Amekwenda kwa yule bwana wa kiwanda kwa mlango wa nyuma, akaomba arudishwe."

Nilikuwa na sekunde kama kumi. Niliogopa, na niliona aibu. Lakini nikiwa mkweli, na sina tena jarida la kulilinda, kilichoniziba mdomo zaidi ni furaha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema mbele ya watu kwamba mimi sikosei. Nikanywa kahawa yangu.

Toka hapo ikawa ngumu zaidi kila mwezi, kama kila mtu aliyewahi kunyamaza anavyojua. Aune hakuitwa kwenye mikutano. Tyyne, aliyekaa naye cherehani kwa cherehani miaka tisa na kumsimamia mtoto wake ubatizo, akawa anavuka barabara akimwona. Aune hakuuliza kitu. Hakupata kazi nyingine ya kushona, akaanza kuoka mkate mtamu wa iliki, ule tunaouita nisu, na kuuza kwenye soko la Ijumaa. Mwaka 1999 mji ukaweka bamba la shaba bustanini, na kwa kuwa kiwanda kilihama na karatasi zake, majina yalinakiliwa kutoka jaridani kwetu. Mimi ndiye niliyepelekewa niyahakiki. Nikayahakiki. Nukta zote zilikuwa sawa.

Fidia niliyompa Aune ilikuwa kununua mkate. Kila Ijumaa ya msimu, kwa miaka zaidi ya thelathini, nilinunua miwili. Sipendi iliki. Harufu yake inaniumiza kichwa. Mke wangu Joyce, Mungu amrehemu, alivumilia miaka kadhaa, kisha akaniuliza kama kuna jambo kati yangu na yule mwanamke.

"Jambo gani?"

"Cliff, mkate wote unampa mbwa. Mbwa amenenepa hawezi kuruka kizingiti."

Nikamwambia napenda kuwaunga mkono wafanyabiashara wadogo. Joyce akanitazama muda mrefu, akamwita mbwa.

Mwaka 2018 Lorraine akatuita. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, sauti bado ni ileile. Mchapaji amestaafu, alisema, wasomaji wanazikwa haraka kuliko tunavyopata wapya, na tangu lini jarida huru linaongozwa na watu watano wenye nyonga za chuma. Toleo la mia na kumi na saba lingekuwa la mwisho. Kila mmoja aandike kipande cha historia yetu.

"Wewe, Mtakatifu, andika kurasa sita. Habari za usahihi."

Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa sita za habari za usahihi, na zilikuwa nzuri hadi nikashindwa kuzisoma. Lorraine alikuwa amesema jambo jingine kwenye kikao kile, kwa kupita tu: kwamba mji unalisafisha bamba na uko tayari kulirekebisha, ila utafuata kilichoandikwa jaridani na si kingine. Kumbe lilikuwa limebaki toleo moja, na baada ya hapo Aune hangerudi popote. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Nikashusha kamusi, nikapangusa vumbi, nikafungua pale V, nikachukua ukanda wangu, nikafunga kamusi. Nikatupa kurasa sita, nikaandika nusu ukurasa. Hakuna aliyenisomea prufu. Msoma prufu ni mimi.

Ijumaa nikaenda sokoni.

"Miwili," Aune akasema, mkono tayari kwenye mfuko wa karatasi.

"Miwili. Na, Aune, kesho tunapanga toleo la mwisho. Naomba uje."

"Sipandi zile ngazi."

"Najua."

"Hujui." Akafunga mfuko. "Tyyne atakuwepo?"

"Atakuwepo. Kuna kitu nitakisoma. Kinakuhusu."

Alinitazama kwa namna iliyonifanya nitake kuangalia mita ya mtu. "Kizuri au kibaya?"

"Kibaya kwangu."

"Hapo nitafikiri," akasema.

Alikuja. Alivaa koti lake la kanisani, na alikuwa na mkate kwa sababu mwanamke wa Port Agnes haingii mahali mikono mitupu hata akienda kugombana. Tyyne alikuwa upande wa pili wa meza, na walipoonana kila mmoja alitazama rundo lililokuwa mbele yake. Nikavuta kiti cha manjano. Watu wakacheka wakidhani balbu imeungua.

Nikapanda. Magoti yangu yakalia. Nikasoma.

"Mimi, Clifford Pelkie, nilikosea. Katika ukurasa wa majina wa mwaka 1974 nilidondosha jina la mwanamke wa kumi na mbili. Hakuomba litolewe, na hakuna mwenzake aliyelitoa. Liliganda kwenye sweta yangu. Nilijua baada ya siku saba, nikanyamaza miaka arobaini na minne. Jina lake ni Aune Väärä."

Jina lenyewe nililitamka kwa uangalifu mkubwa, kila a na nukta zake, kwa Kifini cha bibi yangu. Nilitegemea mtu anirushie kitu. Badala yake Tyyne na Aune waliinua vichwa kwa pamoja.

"Umesema nani?" Tyyne akauliza.

"Lete hiyo karatasi," Aune akasema.

Nikampa karatasi, na ule ukanda wa zamani pia, uliogeuka njano kwa nta. Akavaa miwani. Akasoma karatasi, akasoma ukanda, akarudi kwenye karatasi.

"Cliff, hizi nukta kaweka nani?"

"Mimi."

"Na hizi za kwenye kipande?"

"Mimi. Ndiyo sababu nilikibandua. Nilitaka zikae vizuri."

"Jina langu halina nukta," Aune akasema. "Baba yangu hakuwa na nukta. Babu yangu alitoka na hilo jina kwao, na hakuwa na nukta. Vaara ni kilima chenye msitu. Sisi ni watu wa kilimani."

"Na hili nililoandika?"

Aune alimsogezea Tyyne karatasi kupitia mezani, na hicho ndicho kitu cha kwanza alichompa tangu 1974. Tyyne akasoma, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kumtikisika.

"Väärä ni kosa," Tyyne akasema alipoweza. "Kisicho sahihi. Kilichopinda. Amekuita Aune Kosa."

"Ameniita Aune Kosa katika masahihisho," Aune akasema, naye akaanza kucheka, kicheko kikavu ambacho kilikuwa hakijatumika muda mrefu.

Nikaikumbuka kamusi. Miaka arobaini na minne ukanda ule ulilala kwenye herufi V, na neno lilikuwa humo humo, pengine ukurasa ule ule, limegusana nao. Ningefungua mara moja kwa ajili ya kusoma badala ya kuficha, ningejua. Kazi yangu nzuri kuliko zote, zile nukta sita, ndiyo iliyokuwa kosa, na kudondosha jina kulikuwa matokeo tu ya kulishughulikia kosa kwa makini.

"Masahihisho yataingia toleo lijalo," Lorraine akasema kwa mazoea, halafu akakumbuka, akakaa chini.

Kicheko kikaisha. Tyyne alikuwa bado ameshika karatasi.

"Nilidhani umetuuza," akasema.

"Najua ulichodhani. Mimi nilidhani wewe ndiye uliyenitoa. Orodha si ulipeleka wewe?"

"Ungekuja kuniuliza, Aune."

"Na wewe mbona hukuja?"

"Nilitaka," Tyyne akasema. " Mara nyingi tu. Lakini nikasema, hawa watu husahihisha hata nukta. Kama hawajasahihisha, basi ndivyo ilivyo."

Wote wakanitazama pale juu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile, na hakukuwa na mahali pa kutazama isipokuwa balbu.

Lorraine alitoa chupa mbili za rangi nyeupe ya kufutia kwenye droo aliyokuwa hajaifungua tangu tupate kompyuta. Moja ilikuwa imekauka. Nakala zilikuwa mia nne, nukta sita kwa kila moja, na kompyuta, tofauti na mimi, haikuwa imesahau hata moja. Aune na Tyyne wakakaa pamoja, kwa sababu chupa ilikuwa moja. Mmoja alifuta, mwingine alipuliza. Kwanza walifanya kazi bila maneno. Halafu Tyyne akauliza habari za mtoto wake wa ubatizo, ambaye sasa ana wajukuu, na Aune akaanza kumweleza tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyesema shuka. Watu walianza kuzunguka meza wakiokota karatasi, wakinipita kama nguzo. Nadhani ilipita nusu saa. Magoti yangu yalikuwa yanasema mambo.

"Aune," nikasema, "nishuke?"

"Bado."

Akafuta nyingine, akampa Tyyne apulize.

"Na kuna jingine," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeshapanda. "Sipendi iliki."

"Najua. Joyce aliniambia zamani. Alisema mbwa anakufa kwa unene." Hakuinua macho. "Mimi nilidhani unanitaka. Miaka yote nikawa najiuliza huyu mwanamume atasema lini."

Lorraine alilazimika kutoka chumbani. Tyyne alimwaga rangi nyeupe mezani, na doa lile halijatoka mpaka leo.

Walipomaliza nakala ya mwisho, Aune alikata mkate aliokuja nao. Akampa Tyyne kipande cha kwanza, akagawa kwa wengine wote waliokuwepo, kila mtu na chake. Kisha akaja kwenye kiti cha manjano, akainua mkono akanipa kipande kinene cha kichwani, pale iliki inapojikusanya.

"Kula," akasema.

Nikala pale pale juu, nikiangaliwa, nikatafuna taratibu, nikameza. Kichwa kilianza kuniuma kabla sijafika katikati.

"Chote," akasema.

Nikala chote.